Wauza sheki za "mlo mbadala", acheni kuwapa wagonjwa wa kisukari bila daktari!

Wakuu, habari za wakati huu. Nina hasira na sitazunguka.

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, anatumia glibenclamide kwa miaka sasa. Kuna dada anasali naye, kaingia kwenye kampuni moja ya biashara ya mtandao, kahudhuria semina, basi tayari ni "mtaalamu wa lishe". Akamuuzia mama kopo la unga wa kukoroga kwa laki moja na themanini. Maelekezo: asubuhi sheki, mchana sheki, usiku kachumbari na maji ya vuguvugu. Ugali, ndizi, maharage, vyote marufuku. Kuhusu vidonge hakuuliza hata swali moja. Mama naye akaendelea kumeza dozi yake, maana kliniki wamemfundisha dozi hairukwi.

Hapa ndipo watu wanapoangamizwa. Glibenclamide haijali umekula nini. Inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula sahani ya wali au umekunywa glasi ya sheki. Chakula kikipunguzwa ghafla na kidonge kikabaki vilevile, sukari inaporomoka. Usiku mdogo wangu akamkuta mama kalowa jasho, mikono inatetemeka, anamwita kwa jina la marehemu baba. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.2, chini mno. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, akanyweshwa maji ya sukari, wakakimbia naye hospitali akatundikiwa dripu ya glukosi.

Na mama alishamwambia yule dada kuhusu kizunguzungu na kutetemeka! Jibu lake lipo kwenye simu, sauti yake mwenyewe: "Hiyo ni dalili nzuri mama, mwili unatoa sumu. Ongeza maji." Mtu sukari inashuka, unamwambia aongeze maji?

Nikamvaa. Akanitumia picha ya slaidi za semina yao: eti Uingereza wamethibitisha sheki zinaondoa kisukari. Utafiti huo upo, unaitwa DiRECT, matokeo yalitoka 2017. Walitumia sheki na supu za kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 mpaka 5, na baada ya mwaka 46% ya waliopewa mpango huo kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Sibishi. Ila slaidi haikusema kwamba dawa za kisukari zilisimamishwa siku ileile ya kwanza, chini ya kliniki zao, na muuguzi au mtaalamu wa lishe aliyefunzwa akiwafuatilia. Wanaochoma insulini hawakuingizwa kabisa. Chakula cha kawaida kilirudishwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ninyi mmechukua unga mkamwacha daktari, halafu mnatembea na ile 46% kama ni yenu.

Tena hayo si mapya. Marekani miaka ya 1970 watu waliishi kwa protini ya maji ili wapungue, vikaripotiwa vifo vya watu wapatao 60, wengi mioyo ilivurugika mapigo. Leo kuna viwango. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka bidhaa inayochukua nafasi ya mlo mmoja iwe na kalori 200 hadi 400. Nimepiga hesabu ya kopo la mama: kijiko kimoja cha kupimia kwenye maji, kama walivyomwelekeza, hakifiki hata 100. Huo ni mlo wa nani?

Ukiwabana wanasema "hii siyo dawa, ni chakula". Saa hiyohiyo stetasi zao zimejaa "tumetibu kisukari, tumetibu presha". Chaguo ni lenu: kama ni chakula acheni kuahidi tiba, kama ni tiba kaisajilini TMDA, mamlaka ya dawa.

Kopo nimelipiga picha pande zote pamoja na namba ya bachi, Jumatatu nalipeleka TBS, shirika la viwango, na ile sauti nayo. Hela irudi au isirudi, nalipeleka.

Mwenye mzazi anayekunywa hizi sheki huku anameza glibenclamide au anachoma insulini, mpeleke leo kwa daktari aliyemwandikia dozi, na kopo aende nalo. Waliopata mkasa kama huu wekeni hapa: mpo mji gani, na muuzaji aliwaambia nini kuhusu dawa?