Mjadala: Nani hasa mwenye makuu?

Mleta mada: Ndugu zangu, kiongozi akifariki husemwa kwamba hakuwa na makuu, kana kwamba hilo si wajibu wa kila mwenye cheo. Kwa maoni yangu, makuu si mali wala madaraka, bali ni kutaka kunyenyekewa. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, nadhani ni kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwandani wakautumia kuwakataa mameneja waliowanyanyasa. Leo waziri akila kwa mama lishe anapigwa picha. Maradhi haya yameingia hadi majumbani, kwani hata mabinti tuliowasomesha wakirudi likizo hujaa makuu, na jikoni hawaingii.

Mchangiaji, Tanga: Kaka yangu, hapo kwa mabinti umenichoma. Katika arobaini ya shangazi yangu niliomba kiti kwa sababu ya maumivu ya mgongo, nikasikia wakinong'ona nyuma yangu kwamba elimu imenitia makuu. Mdogo wangu wa kiume alipofika, aliletewa kiti bila kuomba, kikapanguswa kwa ncha ya kanga, akawekewa na soda, na hakuna aliyefungua mdomo. Neno hili halitumiki kwa haki.

Mchangiaji, Mombasa: Dada, pole sana, lakini tusiyachanganye mambo. Maringo yako katika mwendo, na bibi harusi huweza kusifiwa kwayo. Nyodo ni midomo kubetuliwa mbele ya mtu. Makuu yamo nafsini, nayo hudhihirika mtu anapokataa kuketi na wenziwe au kula walacho. Mwenye kuumwa mgongo hana kosa. Hata hivyo, binti anayeitwa awasalimu wazee akabaki chumbani na simu yake tumwiteje?

Mchangiaji, Tanga: Mwite asiye na adabu, kama ambavyo ungemwita kijana wa kiume.

Mchangiaji, Dodoma: Nasikitika kwamba tumehamia jikoni na kuwaacha wakubwa. Zama za chama kimoja kiongozi aliitwa Ndugu, na mwana-TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, Mheshimiwa ndiyo imetawala, hadi diwani ukimwita Ndugu anakunja uso. Makuu tunayalea wenyewe kwa ndimi zetu, halafu mazikoni tunamsifu marehemu kwamba hakuwa nayo.

Mleta mada: Hoja ya Uheshimiwa naikubali, lakini siwezi kunyamaza nikionekana adui wa wanawake. Nimewalea mabinti na nimewalipia ada kwa jasho langu, na nilichokisema nimekiona kwa macho yangu.

Mchangiaji, Tanga: Sikukuita adui, kaka, na Mungu akulipe kwa ada hiyo. Ninachouliza ni kwa nini, ulipotafuta mfano wa makuu nyumbani, hukumtaja hata kijana mmoja wa kiume ambaye tangu azaliwe hajaosha sahani aliyolia.