Niasinamaidi na madoa ya mafuta ya ganda la korosho

Swali, kutoka Mikindani:
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Kila msimu wa korosho huwa nabangua kwa mkono pamoja na mama mkwe. Safari hii mafuta ya ganda yaliniruka shavuni na mikononi. Vidonda vimepona, lakini vimeacha madoa meusi. Muuza vipodozi ananishauri ninunue seramu yenye niasinamaidi asilimia 10, akisema kuwa ni vitamini na kwamba “inatakatisha”. Neno hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka, kwa sababu nimeshuhudia mkorogo ulivyowaharibu watu nyuso. Je, huu si mkorogo uliobadilishwa jina?

Jibu la kwanza, mfamasia wa Lindi:
Marahaba, mwanangu. Siyo mkorogo. Niasinamaidi ni namna moja ya vitamini B3, ile tunayoipata katika karanga, samaki na nyama. Mkorogo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, inayozuia ngozi isitengeneze rangi, au zebaki, ambayo ni sumu kwa figo, au steroidi, ambazo huikondesha ngozi. Niasinamaidi haizuii rangi kutengenezwa. Hupunguza tu chembe za rangi zinazosafirishwa kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, na ndiyo maana doa hufifia taratibu. Anayekuahidi weupe anakudanganya.

Kwa maoni yangu, faida unayoihitaji zaidi ni nyingine: huichochea ngozi itengeneze seramaidi, yaani mafuta ya asili yanayozishikamanisha seli za juu na kuzuia maji yasipotee, na huo ndio ukuta ambao mafuta ya ganda, yenye asidi kali, yameubomoa. Asilimia 10 si lazima, kwa kuwa tafiti nyingi zilitumia kati ya 2 na 5, na kiwango cha juu huweza kuiwasha ngozi iliyoungua karibuni. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono kwa siku chache, usiguse kidonda kibichi, kisha uipe wiki 8 hadi 12.

Jibu la pili, kutoka Masasi:
Niliitumia kwa ajili ya chunusi, na ngozi yangu ilipunguza mafuta kweli, ila madoa yalibaki vilevile kwa miezi miwili kwa sababu nilikuwa nikishinda shambani bila kinga. Nilipoanza kuvaa kofia pana na kupaka krimu ya kuzuia jua, SPF 30, ndipo yalipoanza kufifia. Dada, bila kinga ya jua utapoteza fedha zako.

Jibu la tatu, kutoka Newala:
Nami naongeza jambo dogo: doa jipya litakuja msimu ujao kama mikono iko wazi. Sisi hupaka majivu au mafuta ya kupikia kabla ya kubangua, ingawa glavu ni bora zaidi.

Muuliza swali:
Ahsanteni sana. Nitatafuta yenye asilimia 5. Nanyonyesha mtoto wa miezi minne. Je, kuna tatizo?

Mfamasia wa Lindi:
Niasinamaidi ya kupaka haina tatizo kwa anayenyonyesha, ila usiipake kifuani anapogusa mtoto. Ukikuta kwenye chupa imechanganywa na retinoli, inayotokana na vitamini A, hiyo iache kwanza.