Aida wa Verdi: mwimbaji mzungu apakwe weusi, au apande jukwaani na sura yake?

Kinanda Chakavu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua humu wapenzi wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa na okestra) ni wachache, lakini hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Julai 2022, Anna Netrebko, soprano (sauti ya juu ya kike) kutoka Urusi, aliimba Aida, mhusika mkuu wa opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi, katika uwanja wa kale wa Kirumi pale Verona, Italia, huku amepakwa rangi ya kahawia iliyokolea. Picha zilipotoka, Angel Blue, soprano Mmarekani mweusi aliyetarajiwa kuimba opera nyingine, La Traviata, kwenye uwanja uleule msimu uleule, akajitoa. Wenye uwanja wakajibu kwamba onyesho hilo liliandaliwa na Franco Zeffirelli tangu 2002, na kwamba dada huyo alijua linavyofanana kabla hajakubali kazi.

Kwa wasioijua: Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, katekwa na kufanywa mjakazi kwenye jumba la Farao. Anampenda Radamès, jemadari wa Misri anayekwenda kupigana na baba yake. Mwisho wapenzi hao wanakufa pamoja ndani ya kaburi lililofungwa.

Msimamo wangu: asipakwe. Watetezi wa rangi husema ni desturi ya jukwaa tu, haina ubaya. Haya, tuitazame hiyo desturi. Jumba la opera la Metropolitan, New York, lilianza kuonyesha Aida miaka ya 1880. Mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya kuimba peke yake pale ni Marian Anderson, tarehe 7 Januari 1955, akiwa na miaka 57, sauti yake imeshaanza kuchoka. Hesabuni wenyewe. Karibu miaka 70 Mhabeshi aliigizwa na wazungu waliopakwa rangi, na waimbaji weusi wapo mji huohuo, mlango umefungwa. Rangi ile ilikuwa badala ya mtu. (Na hata Marian alipofunguliwa, alipewa Ulrica, mpiga ramli mweusi wa opera nyingine ya Verdi. Mnaona mchezo.)

Ongezeni kwamba Marekani karne ya 19 kulikuwa na burudani nzima ya wazungu kujipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa ili kuwakejeli watumwa. Huwezi kumwambia Angel Blue aisahau kwa sababu Italia wana desturi yao.

Karibuni.

Besi wa Pili

Mkuu, nakuheshimu ila sikubaliani. Opera nzima ni uongo uliokubalika. Mama wa miaka 50, mnene, mwenye afya tele, anaimba kama msichana anayekufa kwa kifua kikuu, na tunalia. Mwanamke anavaa suruali kuwa mvulana. Mbona hatuandamani?

Na umekwepa kigingi kikubwa: Otello. Ni opera ya jemadari mweusi aliyeoa mke mzungu; Verdi aliitoa 1887 pale La Scala, jumba la opera la Milano, maneno ya Arrigo Boito. Katika tendo la pili Otello anajiuliza kwa nini mkewe asimpende tena: labda umri umeanza kuteremka, labda ni hili giza lililo usoni pake. Anayatamka mwenyewe! Mwaka 2015 Metropolitan waliamua Otello wao asipakwe tena, akaimba Aleksandrs Antonenko wa Latvia na weupe wake. Sasa mtu mweupe anapolalamikia giza la uso wake, mtazamaji aelewe nini? Mmeondoa rangi, mmeondoa na jeraha lenyewe la mhusika.

Pilipili Mbuzi

Si waajiri mweusi basi? Mbona mnazunguka mbuyu.

Besi wa Pili

Pilipili, sauti hazichumwi mtini. Otello anataka tenor (sauti ya juu ya kiume) mwenye kifua cha kupasua okestra nzima halafu dakika inayofuata aimbe kwa kunong'ona. Watu hao ni wachache duniani, wa rangi yoyote. Aida vilevile: kile kipande cha tendo la tatu, "O patria mia" (Ee nchi yangu), kinapanda hadi Do ya juu, na inatakiwa ipandwe polepole, kwa ulaini, bila kupiga kelele. Wewe umeimba kwaya, unajua kupanda juu kwa nguvu ni kazi ya mtoto, kupanda kwa upole ndiyo kazi.

Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles 2023, ana sauti tamu lakini nyepesi. Kumpa Aida kwa sababu ya ngozi yake ni kumharibia koo.

Mwana wa Barawa

Mnagombania rangi ya uso, hamjauliza nani alilipia. Watu hupenda kusema Aida iliandikwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Si kweli. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869; Aida ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Hata hapo ilichelewa, maana mavazi na mapazia yalikwama Paris, mji umezingirwa na Wajerumani. Aliyeiagiza ni Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na Verdi alilipwa faranga 150,000. Hakwenda hata kuitazama.

Sasa sikilizeni. Miaka minne baadaye, 1875, Ismail huyohuyo alipeleka jeshi Uhabeshi kwelikweli. Likapigwa Gundet, likarudi tena 1876 likapigwa Gura. Na 1875 hiyohiyo meli zake, chini ya Mwingereza McKillop, zilikuja kuteka Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Zanzibar! Ziliondoka kwa sababu Waingereza walimbana. Kwa hiyo mwenye kulipia opera ya Mhabeshi aliyetekwa alikuwa mtu mwenye nia ya kuteka Wahabeshi, na sisi watu wa mwambao tukiwa kwenye orodha yake.

Ndiyo maana mimi rangi ya Netrebko hainisumbui sana. Opera yenyewe ilizaliwa na ramani ya bwana mkubwa mkononi.

Sauti ya Tatu

Ndugu wa Barawa, historia nimeipenda, lakini Verdi hakuwa tarishi wa Ismail. Wamisri wa kwenye opera ile kawapa tarumbeta na makuhani wakatili. Wimbo wa kulilia nchi, ule unaobaki kichwani, kampa mtumwa. Alikuwa Mtaliano aliyekulia chini ya utawala wa wageni, alijua anaandika nini.

Ila nina swali kwa mleta mada. Budapest, 2018, jumba lao la opera lilionyesha Porgy and Bess ya Gershwin, opera ya maisha ya Wamarekani weusi, kwa waimbaji ambao karibu wote ni wazungu, ilhali warithi wa Gershwin wanataka iimbwe na weusi. Ulipokuja mzozo, waimbaji wakaombwa watie saini kwamba asili ya Wamarekani weusi ni sehemu ya utambulisho wao. Kichekesho. Lakini ukishasema ngozi ifuate mhusika, kesho mtu atamwambia soprano mweusi: Tosca wa opera ya Puccini ni Mroma, kaa pembeni. Leontyne Price, soprano Mmarekani mweusi, aliimba Tosca kwenye televisheni ya Marekani 1955 na baadhi ya vituo vya Kusini vikakataa kuirusha. Tunataka kurudi huko?

Kinanda Chakavu (mleta mada)

Dada, sijasema ngozi ifuate mhusika. Soma tena. Netrebko aimbe Aida mpaka achoke, koo analo. Nasema asipakwe. Mrusi mweupe na Aida tutaelewana, kama tulivyoelewana na huyo mama mnene wa Besi anayekufa kwa kifua kikuu. Tayari tumekubali kuamini, rangi inaongeza nini?

Leontyne uliyemtaja aliaga jukwaa la Metropolitan tarehe 3 Januari 1985 kwa Aida. Aliwahi kusema kwamba katika opera hiyo ngozi yake ndiyo ilikuwa vazi lake. Tafuteni video. Baada ya "O patria mia" makofi yanagoma kukoma, amesimama tu, anajizuia asitoke kwenye uhusika.

Pilipili Mbuzi

Nimeitazama. Aisee.

Besi wa Pili

Nimeitazama zamani, nailia kila mara. Lakini Otello wangu bado hujamjibu, mkuu. Hilo giza la usoni: mstari ukatwe, au mtazamaji ajifanye hakusikia?

Kinanda Chakavu (mleta mada)

Usikatwe hata neno. Antonenko akiuimba na weupe wake, utapwaya, hapo nakubali. Uache upwaye. Na jumba likitaka mstari huo uwe na uzito wote, kuna tenor Mmarekani mweusi anaitwa Russell Thomas, Otello ameshamwimba. Namba yake wanayo.