Naomba ushauri: siku 3 Mombasa na mama yangu

Habari zenu wapendwa. Mwezi ujao nampeleka mama Mombasa kwa siku 3, tutapanda treni kutoka Nairobi hadi Miritini. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua.

Hamu yake kubwa ni chakula. Kila akipika mbaazi za nazi husema hazijafika zile alizokula Mji wa Kale akiwa msichana, na mahamri ya moto, yale ukiyapasua yanatoa harufu ya iliki. Ni wapi siku hizi wanapika hivyo asubuhi, mahali penye viti vya kukaa vizuri? Na biriani ya kweli ya Kiswahili?

Fort Jesus lazima tuingie, ngome ya Wareno ya tangu 1593, ila nahofia ngazi. Aliye na mzee amewahi kumzungusha mle? Jioni nawaza bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, tukae tunywe madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tuangalie meli zikiingia bandari ya Kilindini.

Je, feri ya Likoni tuvuke saa ngapi asisukumwe na umati? Nitashukuru sana.