Naomba ushauri: wazee na vijana wanagombania uwanja mmoja

Habari zenu ndugu zangu. Mtaani kwetu kuna uwanja mmoja tu wa wazi. Wazee hupumzika hapo jioni, saa zilezile vijana wanapocheza mpira, na mpira umeshampiga mzee mmoja. Tulijaribu zamu, hazikudumu. Tukaweka benchi za zege. Ziko juani, hazikaliwi, watu wanajibanza kwenye ngazi. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York miaka ya 1970, aliona watu wanapenda viti vya kuhamishika, hata wakivisogeza kidogo tu. Naogopa wizi.

Mliowahi kuviweka, mlivilindaje? Na mnatenganishaje mpira na mapumziko bila kujenga ukuta? Vijana wasifukuzwe, tafadhali. Hawana pengine pa kuchezea.