Unga wa uji: wimbi mtupu, unga wa lishe au oti? Mtu wangu anashuka Mombasa Alhamisi

BintiLangoni – Jumatatu, saa 3:10 usiku
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kuna mtu wangu anatoka Amu (mji wa Lamu) Alhamisi kwenda Mombasa, nimemuagiza unga wa uji. Fedha niliyo nayo yatosha kitu kimoja tu: wimbi mtupu kilo kumi, au ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka na karanga kilo kumi, au oti kilo tatu na kidogo. Nataka kitu cha kulainisha tumbo na kutia nguvu asubuhi. Tumechoka na mkate mweupe na chai. Nani ametumia vyote vitatu?

Mpishi_Shela – saa 3:25 usiku
Waaleikum salaam. Oti, dada yangu, wala usihangaike. Mimi mkate niliuacha tangu Ramadhani. Kila asubuhi oti, tende tatu nimezikatakata, na nusu ndizi. Nakaa mpaka adhuhuri sijahisi njaa. Chukua zile zilizobanwa nzima, si zile za kumwagia maji moto tu zikaiva. Zile huwa uji wa mtoto.

Nahodha_Mstaafu – saa 3:41 usiku
Mwanangu, swali lako halina kichwa. Uji ni wa nani? Mtoto, mja mzito, mzee, au mtu wa kazi nzito? Ana sukari? Tumbo linafunga au linajaa? Umesema bei, hukumsema mlaji.

MkulimaMpeketoni – saa 3:58 usiku
Namuunga mkono mzee. Tena kilo kumi italiwa na watu wangapi kwa muda gani? Unga haukai huku kwetu. Mimi ningekwambia chukua wimbi, halafu utie simsim kijiko kimoja kwenye bakuli. Simsim ya huku bara ya Lamu haina mfano.

MamaPojo_Malindi – saa 4:30 usiku
Hilo la unga kutokaa lilinipata mimi, nalieleza lote ili mwenzangu asiingie.

Nilinunua unga wa lishe kilo ishirini kwa muuzaji mmoja hapa Malindi. Ndani mlikuwa na wimbi, mahindi, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Ilikuwa mwezi wa tano, masika imepamba moto. Nikautia kwenye ndoo mbili, nikafunika sana nikijua nauhifadhi. Wiki ya tatu natia mkono kuchota, ndani kuna joto kama la mkate uliofunikwa kitambaa. Unga umeshikana madonge, ukiyavunja yanatoa vumbi. Harufu yake ilikuwa ya mafuta yaliyokaangiwa samaki siku nyingi. Na mimi nikasema si hasara yote hii, nikachekecha, nikapika. Mama mkwe alionja kijiko kimoja akaweka bakuli chini, akasema uji huu unakereketa koo. Mwanangu wa pili akaharisha siku mbili. Nilipoimwaga ndoo ya pili nikakuta chini kabisa kuna tabaka la kijani. Nikamrudia muuzaji, akanijibu unga ni mzima, mimi ndiye sijui kuweka. Nikatupa kilo kumi na nne.

Baadaye nikajua: karanga na soya zina mafuta, zikishasagwa mafuta hayo huoza upesi. Na ukungu wa karanga na mahindi ndio unaoleta sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, hata uchemshe kutwa. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani walikufa watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hivyo dada, unga wa lishe uliosagwa tayari, kilo kumi, kwenye unyevu wa Lamu? Mimi nakukataza. Nunua punje kavu, anika tena, peleka mashineni kilo mbili mbili. Karanga zako kaanga mwenyewe na uziondoe zilizosinyaa na zenye weusi.

BintiLangoni – Jumanne, saa 1:15 asubuhi
Pole sana mama. Na nisameheni, niliandika kwa haraka. Mlaji ni mume wangu, umri wake 41, fundi wa majahazi Matondoni. Anatoka baada ya alfajiri na chai ya maziwa na slesi nne. Ikifika saa nne mikono haina nguvu, anasema hata randa anaiona nzito. Choo ni kila siku ya tatu, jioni tumbo limejaa upepo. Sukari alipimwa, hana. Maji hanywi, anasema ya kisima yana chumvi, hushinda na soda. Mimi sina tatizo, natembea na kina mama ufuoni kila baada ya Alasiri.

Nahodha_Mstaafu – saa 1:50 asubuhi
Sasa tumefika. Mwanangu, kabla ya unga, maji. Ukimpa mtu huyu wimbi na oti bila maji utamfunga zaidi. Nyuzinyuzi hufyonza maji ndipo choo kilainike. Zisipoyapata hukaa tumboni kama pamba kavu. Mimi baharini nilikuwa na vijana wa aina hiyo. Mpe chupa ya lita moja na nusu aende nayo kazini, ikirudi na kitu ndani muulize. Ukipata dafu, dafu.

Mlishe_Pwani – saa 2:35 asubuhi
Nafanya kazi ya lishe zahanati. Mzee amesema kweli, naongeza haya.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate nyuzinyuzi angalau gramu 25 kwa siku, na mboga na matunda gramu 400. Slesi nne nyeupe hazimfikishi popote. Sasa tazama: kikombe kimoja cha mbaazi zilizochemshwa kina nyuzinyuzi kama gramu 11. Pojo (choroko) hupita hapo. Vitu hivi viko sokoni nyuma ya ngome, havihitaji boti.

Wimbi una kalsiamu nyingi, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za punje, lakini sehemu yake hubanwa na faitati, kitu kilichomo kwenye nafaka kinachoshika madini mwili usiyapate. Kuchachusha uji siku moja au mbili hupunguza hilo, na wengi tumbo hulipokea vizuri. Oti sifa yake ni beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi laini: gramu 3 kwa siku husaidia kushusha kolesteroli, ni kama robo tatu ya kikombe cha oti kavu. Ila usimwongezee vyote wiki moja, upepo utazidi. Na chai isiandamane na chakula, asubiri kama saa moja, maana huzuia madini ya chuma.

Akiona damu kwenye choo, akikonda bila sababu, au maumivu yakimwamsha usiku, aende hospitali. Hapo si pa uji.

Jirani_Maweni – saa 2:50 asubuhi
Oti si ndiyo shayiri ile ile ya supu ya Ramadhani? Ipo dukani, kwa nini aagize Mombasa?

Mpishi_Shela – saa 3:02 asubuhi
Hapana kaka. Shayiri ni nafaka nyingine, punje yake ngumu, yataka kulowekwa na kuchemshwa sana.

Jirani_Maweni – saa 3:09 asubuhi
Bibi yangu aliita zote shayiri na hakuna aliyekufa.

Mlishe_Pwani – saa 3:20 asubuhi
Ni mimea miwili, lakini shayiri nayo ina beta-glukani. Kwa tumbo la huyu bwana hakosi kitu akila shayiri. Tatizo ni nani ataamka saa tisa kuichemsha.

MamaPojo_Malindi – saa 3:44 asubuhi
Basi mpike mbaazi usiku! Asubuhi kazi ni kupasha. Tui jepesi, si lile la kwanza zito. Na mchicha au matembele mchana, Wagiriama wa huku hawali sima bila mboga na hamuwasikii wakilia tumbo.

MkulimaMpeketoni – saa 4:05 asubuhi
Mbaazi na mahamri? Mahamri ni unga mweupe, sukari na mafuta. Umerudi pale pale pa slesi.

MamaPojo_Malindi – saa 4:11 asubuhi
Nani amesema mahamri? Zinaliwa na muhogo, na kiazi kitamu, na mkate wa mofa. Usimnyang'anye mtu mbaazi zake kwa kosa la mahamri.

Nahodha_Mstaafu – saa 4:30 asubuhi
Umenikumbusha. Mkate wa mofa wa mtama na mawele, umebandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, ukitoka una kaukau juu na ndani umefungana. Viwili vya hivyo na samaki wa kupaka, mtu alipandisha tanga mpaka jioni. Hao vijana wa oti hawajui walichokosa.

BintiLangoni – Jumatano, saa 2:20 usiku
Nawashukuru wote, wallahi. Leo nimempa chupa ya maji yaliyochujwa, imerudi na nusu. Jana usiku nilichemsha mbaazi, amezila na muhogo, akasema saa nne ilimpita bila kujua, ingawa siku moja si hoja. Unga wa lishe nimeuondoa. Niko baina ya punje za wimbi na oti, mtu wangu anataka jibu kabla ya alfajiri. Oti ni rahisi kupika, wimbi ni mwingi na naweza kuusaga kidogo kidogo. Mashine ya hapa karibu husaga mahindi tu, sijui kama watakubali kusafisha jiwe.

Mpishi_Shela – saa 2:31 usiku
Oti.

MkulimaMpeketoni – saa 2:33 usiku
Wimbi. Na simsim.

Jirani_Maweni – saa 2:58 usiku
Nahodha, huo mofa wa mawele kuna nyumba gani Amu bado inaoka? Nakuja mwisho wa mwezi, nataka nipeleke vichache nyumbani.

Nahodha_Mstaafu – saa 3:15 usiku
Ukifika ufuoni niulize. Mmoja yuko Langoni, huoka alfajiri, lakini hamuuzii mtu asiyeagiza tangu jana.