Panga ya Saidi, kwenda na kurudi siku moja kutoka Mombasa: tupeane uzoefu

Mwana wa Kisauni: Jana kaka yangu kanitumia picha ya pango la Panga ya Saidi, kule Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, moyo ukanienda mbio. Nani kashakwenda akarudi siku hiyo hiyo? Jumapili natoka na watoto.

Binti Likoni: Tokeni alfajiri. Mkifika Mtwapa saa mbili, msongamano umewameza.

Fundi wa Bamburi: Alfajiri mnajichosha. Sisi tulitoka saa nne, barabara nyeupe mpaka Kilifi. Nilipiga picha kila pembe ya pango.

Mjukuu wa Kaya: Uliomba ruhusa? Mle wazee wetu huingia kuomba mpaka leo.

Fundi wa Bamburi: Mwongozo alikuwepo, mzee wangu, hakunikataza.

Mjukuu wa Kaya: Kutokukatazwa si ruhusa.

Mama Salma: Nimesoma neno pango nikashindwa kunyamaza. Nilikwenda na mamangu, wala sikumwambia habari za yule mtoto. Kijana aliyetutembeza akasimama, akasema hapa alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, miaka 78,000 iliyopita. Akajikunja kutuonyesha alivyolazwa: ubavu wa kulia, magoti kifuani. Watafiti wanaona alivishwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kikawekewa mto. Mto ukaoza, kichwa kikainama.

Mamangu akakaa chini. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, akafa kwa homa ana miaka miwili. Nyumbani jina lake halikutajwa. Mama akashika pembe ya leso, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa kijimto kiganjani. Akasema, "Babako aliniambia na wao walimlaza ubavu wa kulia. Wakamwekea donge la udongo chini ya shavu." Kisha akamtaja jina. Nina miaka arubaini, ndiyo mara ya kwanza nalisikia.

Binti Likoni: Subhanallah. Pole dada yangu, mpe pole na mama.

Mwalimu Mstaafu: Mifupa ile ilikuwa laini, ukiigusa inakuwa unga. Ndiyo maana walikata bonge zima la udongo, wakalivika plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Uhispania kuchunguzwa. Habari zikatangazwa 2021. Kwa hiyo waambieni watoto mapema kwamba hawataikuta pangoni.

Fundi wa Bamburi: Mzee wangu Mjukuu wa Kaya, nisamehe. Zile picha nitazifuta.

Mjukuu wa Kaya: Yameisha, mwanangu. Siku nyingine anza kwa kubisha hodi.

Binti Likoni: Bebeni tochi ya mkono, ya simu haitoshi. Na viatu vya kufunga.

Mwana wa Kisauni: Mama Salma, mama alitaka kurudi?

Mama Salma: Anauliza kila mwezi. Magoti ndiyo yanamsumbua. Jumapili nitazamie gari linafika wapi, na kutoka hapo ni hatua ngapi za kutembea.

Mwana wa Kisauni: Nitazihesabu.